Upepo Kidoleni

Binti alibonyeza kikono cha pampu ya mafuta ya pikapu huku kidole gumba kimeziba tundu la kuingizia. Kidole kilipaswa kunyonywa. Badala yake, upepo mdogo wenye harufu ya petroli ukakipuliza.

Valvu, vile vilango vya kupitisha mafuta upande mmoja tu, alikuwa amezipachika kinyume. Zilikuwa ndogo kama vifungo vya shati, na alisahau zinatazama wapi, lakini aliona haya kumuuliza baba yake mdogo jambo alilokwisha kumwelekeza asubuhi ileile.

"Fundi, kweli pikapu yangu umempa huyu?" Dereva alikuwa akicheka. "Si angesuka nywele tu?"

"Huyu ananishinda hata mimi," baba mdogo akajibu, akijifuta grisi. "Kazi yake siikagui." Akamgeukia Binti. "Inavuta, mwanangu?"

Masikio yakamwaka moto. Angesema tu, wangeifungua upya, yangeisha.

"Inavuta," akasema, macho chini.

Baba mdogo akaitwaa pampu kwa mbwembwe, akamsogezea dereva.

"Haya, ziba hapo kwa kidole chako mwenyewe, kikinaswa ndipo utajua nani wa kusuka nywele."

Dereva akakunja mkono wa shati, akanyoosha kidole.