Mama Si Mzigo

Ncha ya jeneza la mama yake ilikuwa imechomoza kwenye ukingo wa makaburi. Wakati kama huu bahari huwa imeganda, barafu ikiukinga ukingo na mawimbi. Mwaka huu ilikuwa maji matupu, na dhoruba ilikuwa inaumega ukingo vipande vipande.

Maniksaq alilala kifudifudi, akapitisha kamba chini ya jeneza. Vidole vilimfa ganzi, akakaza fundo kwa meno.

"Dada, una wazimu?" mdogo wake alipiga kelele. "Helikopta ya uokoaji inaondoka! Wamesema watu tu, mizigo ibaki!"

"Mama ndiye mzigo?"

"Mama ameshakufa!"

"Amekufa, hajazama. Bahari imekula nyumba yangu, imekula na ghala letu la nyama. Huyu haimpati."

Udongo ukapasuka mbele ya magoti yake. Akarudi nyuma, akajifunga kamba kiunoni.

"Nenda wewe. Waambie tumebaki wawili."

Mdogo wake akaitazama helikopta, kisha mgongo wa dada yake. Akavua glavu, akaikamata kamba.

"Vuta basi," akafoka, "kabla sijapata akili!"

Mbao zikalia. Jeneza likaanza kusogea.