Mgonjwa wa Alhamisi

"Polepole," Muslimo alisema mlangoni. "Amelala."

Bishar akavua makubadhi, akainama kuingia. Nyuma yake akainama Sista Nekesa, muuguzi aliyehamishiwa Garissa kutoka Busia. Alikuwa hajawahi kufika nyumba hii. Alhamisi zote Bishar alikuja peke yake. Alijitolea kuzunguka vitongoji vya upande wa mto, akiwatafuta wagonjwa waliofichwa ndani na kuwaunganisha na zahanati.

Mafuriko yalikuwa yamepita. Yaliacha matope, mbu, mizoga ya mbuzi, na mpango mmoja wa msaada: nyumba ambayo baba amelazwa chini na kifua kikuu ilipewa unga, maharagwe na mafuta. Mpango ulikuwa wa wagonjwa. Wajane hawakuwa na mpango.

Nunow, mume wa Muslimo, alikuwa akiuza maji kwa mkokoteni wa punda mpaka kifua kilipombana. Kitanda chake kilikuwa pembeni, nyuma ya shuka lililotundikwa kwenye kamba. Watoto watatu walikaa mkekani, wakilitazama gunia lililoachwa nje ya mlango.

"Anakula?" Sista aliuliza.

"Kidogo tu."

"Usiku anakohoa?"

"Siku hizi hapana." Macho ya Muslimo yalikuwa makavu. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

Sista akainuka, akaenda hadi kwenye shuka. Muslimo naye akainuka.

"Sista, samahani. Bwana yangu hataki mwanamke mgeni amwone hivi."

Mkono wa Sista ukabaki hewani. Wakubwa wa Nairobi walitaka orodha ikaguliwe jina kwa jina, na jina lisilo na mtu likatwe siku hiyo hiyo. Akamgeukia Bishar.

"Wewe umemwona?"

"Nimemwona."

"Kwa macho yako?"

"Nilimlaza mwenyewe. Kwa ubavu wa kulia."

"Na hali yake?"

"Ni ile ile, Sista. Haijabadilika."

Inzi walizunguka. Mtoto mdogo akapiga chafya, dada yake akamfuta pua kwa ncha ya gauni. Sista alisimama pale akisikiliza, kama anavyosikiliza mtu aliyefanya kazi miaka kumi na miwili katika wodi ya vifua. Halafu akaushusha mkono, akarudi kukaa, akafungua daftari. Mbele ya jina la Nunow aliandika: *Aendelee kupewa.* Akatia sahihi.

Bishar akaliingiza gunia. Vidonge vya kifua kikuu vilibaki mkobani mwake.

"Ahsante," Muslimo alisema mara moja, kama mtu aliyeulizwa leo ni siku gani. Mtoto wa kwanza alikuwa tayari anafungua uzi wa gunia kwa meno.

Nje jua lilikuwa limekausha matope yakapasuka. Walipita ua wa kwanza, wakapita wa pili. Sista hakugeuza kichwa alipouliza.

"Alizikwa lini?"

"Siku ya pili ya Ramadhani," Bishar akasema. "Kaburi nilichimba mimi."