Kanda ya Takataka

Bi Nyamvula aliiona kanda yake kwenye rafu ya Mbarouk, katikati ya rili nyingine nyingi. Kibandiko kilikuwa na mwandiko wake mwenyewe: *Takataka*.

"Ndiyo hii," alisema. "Mkwe wangu hakuwa na ruhusa ya kukuuzia. Iweke nisikie."

Mbarouk, aliyekuwa akifufua mashine za rili, zile za zamani za kurekodia sauti, kwa mapenzi tu, alijikuna shingo. "Mama, hiyo nimeshairekodia muziki. Iliandikwa takataka, nikajua haina kazi."

"Ni jina la binti yangu. Nilizika watatu kabla yake. Nikamwita hivyo ili kifo kimwone si kitu, kimpite."

Mbarouk hakuthubutu kuuliza kama kilimpita.

"Humo alikuwa na miaka mitano, anahesabu kuku," alisema Bi Nyamvula. "Kila mara anairuka nne. Sina sauti yake nyingine. Iweke, huenda muziki wako ni mfupi."

Akaiweka. Tarumbeta zililia mpaka zikachoka, kisha ukabaki mvumo mtupu. Mbarouk aliongeza sauti. Mvumo ukawa mkubwa zaidi, basi.

"Mashine hufuta kwanza ndipo irekodi, mama, nami niliiacha iende mpaka mwisho. Nisamehe."

Kanda ikaisha. Rili iliendelea kuzunguka, ncha ya kanda ikigonga mashine, ta, ta, ta. Mbarouk akanyoosha mkono aizime.

"Acha," alisema Bi Nyamvula. Akainamisha kichwa, akaanza kuhesabu ile milio polepole.

"Moja. Mbili. Tatu. Tano."