Uzito wa Fundi

Malori ya jangwani hujiendesha yenyewe, na fundi hupanda kama kifaa kimojawapo. Mwili wake na mizigo yake hupimwa pamoja. Vikizidi, lori haling'oki. Nalo likikwama mchangani, hakuna anayetumwa kumfuata.

Ndiyo maana Ekal alikuwa anashinda njaa. "Nikila, jeki itabaki," alimwambia mkewe, Nakiru, akipanga spana, viraka na sepetu. Shati lilimning'inia kama limeanikwa kambani.

Mumewe alipoenda kuoga, Nakiru alisukuma kifuko kizito cha karanga chini kabisa ya sanduku la vifaa. Mtu hawezi kusukuma jeki kwa tumbo tupu.

Asubuhi alikuwa ndani akimnyonyesha mtoto aliposikia lori likipiga kelele nje: uzito umezidi.

"Mama Ewoi, hii mashine ina wazimu!" Ekal aliita. "Jana nimejipima mwenyewe!"

Nakiru aliendelea kunyonyesha. Angesema, karanga zingetolewa. Acha apunguze blanketi, aliwaza, baridi haiui mtu.

Kelele zikakoma. Alipotoka na mtoto begani ili wamuage, lori lilikuwa limeshatimua vumbi. Kando ya mlango aliliona blanketi, limekunjwa vizuri, na juu yake dumu la maji ya safari likiwa limejaa pomoni.

Alikimbia akipiga mayowe. Lori halisikii mayowe.

Na zile karanga alikuwa amezikaanga kwa chumvi nyingi, kama Ekal anavyozipenda.