Kilomita Sita kwa Lita

"Gusa hiyo nati uone," Mama alisema.

Mwanawe alikuwa ameinamia injini, boneti wazi juu ya kichwa chake, spana namba kumi na tatu mkononi. Alisita, akajifuta jasho kwa kiwiko.

"Mama, nimevumilia mwezi mzima. Wiki moja, lita arobaini, kilomita mia mbili na arobaini. Ni kilomita sita kwa lita! Kabla hujaweka hili dude, gari lilikuwa linakwenda kumi."

"Turbo langu halina kosa."

"Kila wiki halina kosa. Leo siendi kazini, nalitoa, injini irudi ilivyokuwa."

Mama alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi mbele ya gari kama mtu aliyeziba njia. Kwa miaka thelathini madereva wa malori walimwita Mama Spana, na walikuwepo waliopita karakana tatu bila kusimama ili wamfikie yeye. Turbo hili la kusukumia hewa kwenye injini alilifunga mwenyewe baada ya kustaafu, siku tisa, bila kushikiwa hata tochi. Likitolewa kwa aibu, basi ndiyo kusema na yeye ametolewa, na jambo hilo lilimchoma hasa.

Kwenye usukani walishamwondoa. Tangu ateleze bafuni mwezi uliopita, wanawe watatu walikaa kikao, wakamtengenezea chai, wakamwambia kwa sauti za kubembeleza kwamba kuendesha sasa basi. Daktari alimkataza chumvi tu. Kuendesha walimkataza watoto, tena wale wale aliowafundisha kukanyaga klachi.

"Tupime kwanza," alisema. "Ukikuta kosa, nitakumulikia ulitoe."

Wakapima. Waliiwasha injini, wakapaka maji ya sabuni kwenye kila mpira unaopitisha hewa. Hakuna hata povu moja lililochomoza. Wakatoa plagi nne, Mama akazipanga juu ya gazeti. Zote zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Injini inayobugia mafuta, plagi zake huwa nyeusi tii. Hizi ni nyeusi?"

"Hapana."

"Sema kwa sauti, turbo lisikie."

Wakainua gari kwa jeki, wakazungusha magurudumu, hakuna breki iliyoshika. Upepo wa tairi ulitosha. Tangi lilikuwa kavu kwa nje, hata harufu ya mafuta haikuwepo.

"Labda unakanyaga kama mwehu," Mama alisema.

"Mimi? Nakwenda kuoka mikate, Mama, siendi mashindanoni. Natoka hapa saa tisa usiku, barabara tupu. Saa sita mchana nimerudi, nalala kama gogo mpaka jioni. Gari linashinda hapa uani."

"Na mkeo?"

"Mke wangu yuko dukani mpaka jioni, na kuendesha hajui. Mama, nahesabu vizuri. Mshale wa tangi ulikufa zamani, ndiyo maana naandika lita ninazojaza na kilomita za kwenye mita. Mita haidanganyi."

"Mita inasema ilichoambiwa."

"Na kiti nacho kimelegea. Kila nikiingia usiku nakuta kimejisogeza mbele, magoti yanagonga usukani."

"Hicho tutakitazama siku nyingine," Mama alisema upesi, akaanza kurudisha plagi mahali pake.

Ilipofika saa kumi hakikubaki kitu cha kupima. Mwanawe alipangusa spana kwa kitambaa, akamtazama mama yake kwa huruma.

"Sikulaumu, Mama. Umetufanyia kazi, umetusomesha kwa grisi hiyo hiyo. Lakini mikono inachoka, macho nayo yanachoka. Sasa pumzika."

Alisema kwa upole, na huo upole ndio uliomkera. Matusi angeyajibu.

Spana ikakaa kwenye nati. Nati ikalia kidogo, ikaanza kulegea.

Mama angeweza kunyamaza. Turbo lingetupwa stoo, nyumba nzima ingekubaliana kwamba ufundi umemtoka, na mengine yote yangeendelea kama yalivyokuwa. Aliitazama mikono yake iliyojaa mafuta. Tangu asubuhi haikuwa imetetemeka hata mara moja.

"Weka chini hiyo spana."

"Mama, tafadhali..."

"Nimesema weka chini!"

Alizunguka gari, akafungua mlango wa dereva, akaingiza mkono chini ya dashibodi bila hata kuchungulia. Mkono ulitoka na waya mwembamba wenye kichwa cheupe.

"Huu ukichomolewa, gari linakwenda, mita imelala."

Mwanawe aliutazama waya, akamtazama mama yake. "Sasa nani auchomoe?"

"Toa simu, upige hesabu. Ongeza kilomita thelathini kwa siku, siku sita za kazi. Halafu gawa kwa lita zako arobaini."

Mwanawe alibonyeza. Akafuta, akabonyeza tena.

"Kumi na nusu," alisema taratibu. "Hiyo inapita hata kabla ya turbo. Lakini Mama, hizo kilomita thelathini ni za nani?"

"Zangu," alisema Mama, akajipachika kwenye usukani na kunyoosha mkono apewe ufunguo.