Kofia Kaburini

Upepo wa ziwani uliipeperusha kofia ya Ilias, ukaitupa ndani ya kaburi.

Ilias akakimbilia ukingoni, mguu mmoja tayari unaning'inia. Shehe akamdaka mkono. "Usishuke, kijana. Hili kaburi la mwanamke. Hashuki ila maharimu wake: baba, ndugu, mtoto wa kumzaa. Kofia itangoja."

Ilias akarudi nyuma, viganja viwili kichwani kama mfiwa. Lakini aliyekufa alikuwa Zubeda tu, mpishi wao. Alichokuwa anaficha Ilias ni nywele. Asubuhi alizipaka mafuta, akazilaza kwa kitana hadi ngozi ikawaka. Sasa manyunyu yalikuwa yanaziamsha, zinajikunja kama pilipili.

Na Shakuru alikuwa amesimama palepale. Shakuru, kaka yake Amira mchumba wa Ilias, Mwarabu wa pande zote mbili, ambaye Ijumaa angemkabidhi dada yake, au asimkabidhi. Kwao walishauliza: huyu mama yake nani? Ilias aliwakaribisha sebuleni, akawaonyesha picha ya ukutani: Bi Sumaya, binti wa Maskati, aliyefariki yeye akiwa mchanga. Siku hiyo alimwamuru Zubeda asitoke jikoni.

"Shemeji," Shakuru akasema, akitabasamu kwa upande, "nywele hizo umezitoa wapi? Kwetu haziotagi."

"Ni mvua."

"Mvua inatunyeshea wote."

Mtaani kwao, Buyenzi, walimwita Ilias Mwarabu. Waarabu walimwita mtu wa Buyenzi. Baba yake, mzee Mohamadi, akiulizwa alikuwa na jibu moja: nywele za babu. Ni Zubeda tu aliyejua kuzituliza, akimkalisha katikati ya magoti yake, bila kusema neno. Sasa alikuwa amebakiwa na mlango mmoja, wa akina Amira. Ukifungwa huo, hana kwao.

"Shehe, maji inapanda," Chabani mchimba kaburi akaita. "Tukikawia, mama wa watu atalala mu maji."

Shehe akapaza sauti. "Marehemu ana nani hapa?"

Watu wakatazamana.

"Hana mtu," Ilias akajibu mbio. "Alikuja peke yake toka Ruziba. Shuka wewe, shehe, tumalize. Nakuomba." Alitaka udongo urudi, ufunike kila kitu, hata kofia, Shakuru aende zake kabla mvua haijakolea.

"Kama hana mtu, tutashuka sisi. Mungu atatusamehe." Shehe akakunja kanzu. Kisha akageuka. "Mzee Mohamadi, wewe ndiye mwenye nyumba. Kweli hana mtu?"

Mzee alimtazama Shakuru. Akatazama jeneza, na kanga iliyolowa juu yake. Akatazama yale maji, jinsi yalivyokuwa yakiizungusha kofia taratibu.

"Ilias," akasema. "Vua viatu, ushuke. Mpokee kwanza. Kofia utaiokota baadaye."