Mpini wa Japani

Gaffar alirudi dukani kwake, Biashara Street, damu ikamchemka mlangoni. Mpini wake wa fimbo ya gofu, aliouagiza Japani baada ya kupima uzito na unyumbufu wa kila aina mwaka mzima, ulikuwa mikononi mwa mkewe. Nchani, pale pa kutiwa kichwa, pamegandishwa ndoana. Khatijabai alikuwa akiangulia kanga zilizoning'inia juu.

"Nani kakwambia uuguse?"

"Upembo wetu umevunjika. Huu mwepesi, mashaallah."

"Mwepesi!"

Gaffar alimpokonya, akaupiga gotini kwa nguvu zake zote auvunje. Mpini ulipinda, ukafyatuka, ukanyooka vilevile alivyoutaka.

Mteja aliyekuwa akingoja aliinua kidole.

"Baba, hebu niangulie na ile nyekundu."